Sura ya 7: Kwa Nini Mtambo Mkubwa Huzamishwa na Kitu Kidogo?

Kila inapotangazwa habari ya mtambo wa mafuta uliozama baharini, swali huwa ni lilelile. Chombo kimegharimu mamilioni ya dola, kimesanifiwa na wahandisi waliobobea, kimekaguliwa na kupewa vyeti. Inakuwaje basi dhoruba moja ikipeleke chini? Wengi hujijibu haraka: bahari ilichafuka kupita kiasi, binadamu hakuwa na la kufanya.

Jibu hilo halitoshi, na mara nyingi si kweli. Usiku ambao mtambo wa Ocean Ranger ulizama mashariki ya Canada, mitambo mingine miwili ilikuwa jirani yake, ndani ya dhoruba ileile. Yote miwili ilipona.

Hoja ya sura hii ni moja. Dhoruba ya majira ya baridi haizai kosa. Kosa huwa limeshakuwepo, dogo, limejikalia kimya kwa miezi au miaka. Kazi ya baridi, barafu na giza ni kuondoa muda wa kulirekebisha. Hitilafu ambayo kwenye bahari tulivu ingekula mchana mmoja wa fundi, mwezi Februari katika Atlantiki ya Kaskazini hula watu.

Mtambo wenyewe ukoje?

Tunaposema "mtambo wa mafuta baharini" tunachanganya vyombo tofauti, na kila kimoja kina udhaifu wake:

- Jukwaa la kudumu. Limesimikwa kwenye sakafu ya bahari na halihami. Hutumika kuvuna mafuta kwa miaka mingi.
- Mtambo wa miguu. Huelea ukivutwa na tagi, yaani meli fupi yenye nguvu za kukokota vyombo vikubwa. Ukifika kazini hushusha miguu hadi chini na kujiinua juu ya maji. Ukiwa safarini, miguu hiyo mirefu husimama juu ya sitaha.
- Mtambo wa nusu mzamo. Sitaha yake imebebwa na nguzo nene, nazo nguzo zimesimama juu ya maboya makubwa yaliyozama ndani ya maji. Hushikiliwa na nanga.
- Meli ya uzalishaji. Hupokea mafuta kutoka visimani, huyachuja na kuyahifadhi hadi meli nyingine ije kuyachukua.

Msomaji atauliza: kwa nini wasisubiri majira ya joto? Katika Bahari ya Kaskazini na pwani ya Newfoundland, kisima kimoja kinaweza kuchukua miezi, na mtambo hukodishwa kwa siku, ufanye kazi usifanye. Visima vinavyozalisha navyo hutoa mafuta mwaka mzima. Kaskazini zaidi, ambako bahari yenyewe huganda, uchimbaji hufanyika katika miezi michache ya joto, kisha mtambo huondoka. Safari hiyo ya kuondoka ndiyo mara nyingi hukutana na dhoruba za mwanzo wa baridi. Tutairudia.

Kioo kimoja: Ocean Ranger, 1982

Ocean Ranger, uliojengwa Hiroshima, Japani, na kukamilika mwaka 1976, ulikuwa mtambo mkubwa kuliko yote ya aina ya nusu mzamo wakati wake. Ulikuwa na urefu wa mita 121 na kimo cha zaidi ya mita 100. Tarehe 14 Februari 1982 ulikuwa ukichimba katika eneo la Hibernia, kilomita zipatazo 270 mashariki ya mji wa St. John's, ukiwa na watu 84.

Mtambo wa aina hii husimama wima kwa msaada wa maji ya farumi. Hayo ni maji ya bahari yanayoingizwa na kutolewa kwenye matangi yaliyo ndani ya maboya, ili chombo kikae sawa. Upande mmoja ukipata maji mengi kuliko mwingine, chombo huinama. Chumba cha kuongozea farumi kilikuwa ndani ya mojawapo ya nguzo, kwa kimo kisichofika mita 9 juu ya usawa wa bahari. Kiliwekwa vidirisha vya duara ili mhudumu aweze kuchungulia alama za kina zilizochorwa kwenye nguzo. Kila kidirisha kilikuwa na kifuniko chake cha chuma, cha kufungwa hali ya hewa inapoharibika.

Jioni ile vifuniko havikufungwa. Wimbi likavunja kioo, maji ya chumvi yakamwagika juu ya ubao wa swichi za umeme. Wafanyakazi wa mitambo jirani walisikia kwenye redio mazungumzo ya vioo vilivyotapakaa, maji sakafuni, na vali zinazofunguka na kujifunga zenyewe. Vali ni milango midogo ya kupitishia maji kwenye mabomba, na hizi ndizo zilizoamua maji yaende tangi gani. Watu wakafagia vioo, wakafuta ubao. Kwa saa kadhaa taarifa zilizotoka zilisema mambo yamedhibitiwa.

Baada ya saa sita usiku mtambo ukaanza kuinamia mbele. Tume ya Kifalme iliyochunguza ajali ilihitimisha kwamba umeme ulirudishwa kwenye ubao uliolowa, vali zikafunguka bila kuamriwa, na maji yakahamia matangi ya mbele. Palikuwa na njia ya dharura: vijiti vya shaba vya kuchomeka kwenye ubao ili kuzisukuma vali kwa mkono. Waliokuwa zamu hawakuwa wamefundishwa vya kutosha namna ya kuvitumia. Yaelekea waliamini wanazifunga vali, kumbe wanazifungua. Mtambo ulipozidi kuinama, mawimbi yakaanza kumwagikia vyumba vya minyororo ya nanga ndani ya nguzo. Vyumba hivyo havikuwa na milango ya kuzuia maji.

Saa saba na nusu usiku redio ya Ocean Ranger ilitoa ujumbe wa mwisho: watu wanakwenda kwenye mashua za kuokolea maisha. Meli moja ya huduma ilifanikiwa kuifikia mashua mojawapo na kuirushia kamba. Watu walipotoka ndani na kusogea upande mmoja, mashua ikapinduka. Mabaharia walisimama mita chache kutoka kwao wakirusha maboya, lakini mikono ya waliokuwa majini ilikuwa imekufa ganzi, haiwezi tena kushika kamba. Walivaa majaketi ya kuelea. Hawakuwa na suti za kukinga mwili na maji ya baridi. Mtambo ulizama yapata saa tisa usiku. Wote 84 walikufa, na miili 22 tu ndiyo iliyopatikana.

Uamuzi wa Tume ulikuwa mchungu kuliko lawama yoyote ya dhoruba: mabadiliko madogo ya usanifu yangeizuia ajali, na wafanyakazi waliofundishwa ipasavyo wangeweza kuiepusha hata kwa mtambo uleule.

Njia tano za baridi kula muda

*Mawimbi.* Tarehe 1 Januari 1995, kifaa cha kupimia kwenye jukwaa la Draupner, upande wa Norway wa Bahari ya Kaskazini, kilirekodi wimbi la mita 25.6 kutoka bondeni hadi kileleni. Mawimbi makubwa ya saa ile yalikuwa wastani wa mita 12 hivi. Yaani bahari ambayo nahodha ameshaizoea tangu asubuhi inaweza kuleta wimbi moja lenye kimo mara mbili ya yaliyolitangulia, bila onyo.

*Barafu ya manyunyu.* Joto la hewa likishuka vya kutosha chini ya nyuzi 0, manyunyu ya bahari huganda yanapogusa chuma. Vyuma vya mnara, ngazi, kamba na paa hunenepa kwa barafu saa hadi saa. Uzito huo unakaa juu, mahali pabaya kuliko pote. Aliyewahi kusimama ndani ya mtumbwi anajua: uzito ni uleule aliokuwa nao alipoketi, lakini mtumbwi sasa unataka kupinduka. Barafu hiyohiyo huziba milango ya dharura na kugandisha vifaa vya kushushia mashua.

*Chuma.* Baadhi ya vyuma hupoteza unyumbufu kwenye baridi. Badala ya kupinda kwanza na kumpa mtu nafasi ya kuona tatizo, hukatika ghafla. Mnamo 27 Desemba 1965, mtambo wa miguu wa Sea Gem, ambao miezi michache nyuma ulikuwa umegundua gesi upande wa Uingereza wa Bahari ya Kaskazini, uliporomoka wakati wafanyakazi wakijiandaa kuuhamisha. Watu 13 walikufa. Uchunguzi ulielekeza kidole kwenye vyuma vya kushikilia miguu, vilivyokatika kwa namna hiyo.

*Giza na umbali.* Jukwaa la Goliat, kaskazini-magharibi ya mji wa Hammerfest, Norway, liko mahali ambapo jua halichomozi kwa karibu miezi miwili ya katikati ya baridi. Helikopta ya uokoaji inalazimika kumtafuta mtu gizani, katika upepo na theluji, mbali na kituo chake.

*Mwili wa binadamu.* Wakufunzi wa usalama wa majini hufundisha kanuni ya 1-10-1. Mtu akitumbukia kwenye maji ya baridi kali, ana dakika 1 ya kuidhibiti pumzi inayomtoka kwa mshtuko, dakika 10 hivi za kuweza kutumia mikono na miguu, na saa 1 hivi kabla ya kupoteza fahamu kwa mwili kuishiwa joto. Zile dakika 10 ndizo zinazoua wengi. Mtu yu hai, anaiona kamba, vidole havimtii.

Kwa ufupi: kila moja ya njia hizi inafupisha nafasi iliyopo kati ya hitilafu na maafa. Nafasi ikifika sifuri, ukubwa wa mtambo haumsaidii mtu.

Ufa uliopakwa rangi: Alexander L. Kielland, 1980

Makosa ya usanifu na mafunzo ya Ocean Ranger yalikamilishwa na mikono ya watu usiku uleule. Alexander L. Kielland ulizaliwa na kosa lake.

Huu ulikuwa mtambo wa nusu mzamo wenye miguu mitano, uliotengenezwa Ufaransa na kutumiwa kama bweni la wafanyakazi katika eneo la Ekofisk, Norway. Jioni ya 27 Machi 1980 ulikuwa na watu 212. Upepo ulikuwa mkali na mawimbi yalifika mita 12, hali ambayo Bahari ya Kaskazini huiona mara nyingi. Yapata saa kumi na mbili na nusu, mguu mmoja ulichomoka. Mtambo ukainama zaidi ya nyuzi 30, ukaning'inia hivyo kwa dakika 14, kisha ukapinduka. Walikufa watu 123.

Wachunguzi waliufuata mkatiko hadi kwenye bomba moja la kushikilia mguu. Kwenye bomba hilo palichomelewa kishikizo cha kifaa cha kusikilizia sauti chini ya maji. Kwa mafundi wa karakana kilikuwa kiambatisho tu, kwa hiyo mchomeleo wake, wenye unene wa milimita 6, haukupewa uzito wa kazi inayobeba chombo kizima. Ufa ulianzia hapo. Ndani ya ufa wachunguzi wakakuta mabaki ya rangi. Maana yake, ufa ulikuwepo tangu mtambo ulipokuwa ukipakwa rangi kiwandani, nao ukasafiri hadi baharini, ukirefuka kidogo kwa kila wimbi lililopita, kwa karibu miaka minne.

Funzo la Kielland ni mtihani rahisi wa kuusaili mtambo wowote: *kiungo kimoja kikikatika, chombo kizima hubaki?* Kielland haukubaki. Baada yake, kanuni za usanifu zilianza kudai kwamba mtambo uweze kupoteza kiungo kimoja na bado uelee muda wa kutosha watu kutoka.

Hatari iko njiani

Watu huogopa kisima, lakini baadhi ya ajali mbaya za kaskazini zimetokea wakati hakuna anayechimba.

Kolskaya ulikuwa mtambo wa miguu wa Urusi. Ulipomaliza kazi karibu na rasi ya Kamchatka, uliwekwa nyuma ya meli za kuuvuta kuelekea kisiwa cha Sakhalin. Tarehe 18 Desemba 2011, katika Bahari ya Okhotsk, mawimbi na barafu vilivunja madirisha, maji yakaingia, mtambo ukapinduka na kuzama mahali penye kina cha zaidi ya mita 1,000. Ulikuwa na watu 67. Walionusurika ni 14. Kumbuka tulivyoeleza awali: mtambo wa miguu ukiwa safarini hubeba miguu yake juu. Hivyo umeshakuwa mzito juu kabla hata tone moja la manyunyu halijaganda.

Mwaka mmoja baadaye ikawa zamu ya Kulluk, mtambo wa kampuni ya Shell usio na injini ya kujisukuma. Baada ya kuchimba kaskazini ya Alaska, uliondoka Dutch Harbor tarehe 21 Desemba 2012 ukivutwa na meli moja, Aiviq, kuelekea Seattle. Tarehe 27 kiungo cha kamba ya kuvutia kilikatika. Muda si mrefu injini zote nne za Aiviq zikazima kwa mafuta machafu. Helikopta za Walinzi wa Pwani wa Marekani ziliwaopoa watu wote 18, na usiku wa 31 Desemba Kulluk ukatupwa kwenye kisiwa cha Sitkalidak, jirani na Kodiak.

Kwa nini waondoke Desemba, mwezi ambao bahari ile haina huruma? Uchunguzi wa Walinzi wa Pwani ulitaja, miongoni mwa sababu, kodi: mtambo ambao ungekuwa bado ndani ya Alaska tarehe 1 Januari ungeweza kutozwa mamilioni ya dola. Hapa kosa dogo halikuwa kioo wala mchomeleo. Lilikuwa tarehe kwenye kalenda ya mhasibu.

Mafuta yakimwagika penye baridi

Mafuta kwenye maji ya baridi huwa mazito, na vijidudu vinavyoyameng'enya hufanya kazi polepole. Meli ya Exxon Valdez ilipopasuka Alaska mwaka 1989, mafuta yake yaliendelea kupatikana chini ya mchanga na kokoto za ufukweni miongo kadhaa baadaye. Pakiwa na barafu, mafuta huingia chini yake na kusafiri nayo, na vizuizi vinavyoelea vya kuyazingira havifai kitu.

Hata pasipo barafu, mawimbi hutosha kuzuia usafishaji. Novemba 2018, meli ya uzalishaji SeaRose, karibu na Newfoundland, ilimwaga lita 250,000 ilipokuwa ikianzisha tena kazi baada ya dhoruba. Bahari ilikuwa bado imechafuka kiasi kwamba hakuna aliyeweza kuyazoa.

Tatizo kubwa zaidi ni la kalenda. Kisima kikilipuka na kushindwa kufungwa kwa juu, dawa ya mwisho ni kuchimba kisima cha pili kando yake ili kukiziba kwa chini. Katika Ghuba ya Meksiko mwaka 2010, kisima cha Macondo, kilichokuwa kikichimbwa na mtambo wa Deepwater Horizon, kilitoa mafuta kwa siku 87 kabla ya kuzibwa, nayo ni bahari ya joto yenye bandari, meli na viwanja vya ndege karibu. Siku 87 baada ya mwisho wa Septemba, kaskazini ya Alaska kumeganda. Ndiyo maana Marekani iliitaka Shell isimamishe uchimbaji wa kufikia mwamba wenye mafuta wiki kadhaa kabla ya barafu kurudi, ili ubaki muda wa kisima cha pili. Shell iliachana na eneo hilo mwaka 2015.

Nini kimebadilika, nini hakijabadilika

Mengi yamebadilika. Suti za kukinga baridi zimekuwa vazi la lazima. Wafanyakazi hupitia mafunzo ya kutoka ndani ya helikopta iliyopinduka majini. Jukwaa la Hibernia, lililoanza kutoa mafuta mwaka 1997 katika eneo lilelile la Ocean Ranger, limesimama juu ya msingi mkubwa wa zege uliozungukwa na meno ya kuhimili milima ya barafu inayoelea.

Lakini vifaa haviondoi uamuzi wa binadamu. Machi 2017 mlima wa barafu uliikaribia SeaRose hadi mita 180, na wafanyakazi 84 wakaambiwa wajiandae kugongwa. Meli ile ilijengwa iweze kujifungua kutoka visimani na kuondoka, na taratibu zake zenyewe zilidai ifanye hivyo. Haikujifungua. Mdhibiti wa Canada akaisimamisha kazi mwaka uliofuata. Na tarehe 30 Desemba 2015, miaka 33 baada ya Ocean Ranger, wimbi lilipiga mtambo wa COSL Innovator kwenye Bahari ya Kaskazini, likavunja madirisha ya makazi na kumuua mfanyakazi mmoja. Ni vioo tena.

Haya yanatuhusu nini?

Pwani ya Afrika Mashariki haina barafu. Hata hivyo, Equinor ya Norway, iliyokuwa ikiitwa Statoil, iligundua gesi kwenye bahari kuu ya Tanzania mwaka 2012, na Shell nayo ina maslahi katika vitalu vya huko. Taratibu za usalama zinazoandamana na kampuni hizi zimeandikwa kwa ajali kama hizi tulizozisoma. Baridi ndiyo inayokula muda kule. Huku muda unaweza kuliwa na umbali wa helikopta iliyo karibu, uhaba wa meli za uokoaji, au kusi lililochachamaa. Msomaji, mwandishi wa habari au mbunge hahitaji shahada ya uhandisi ili kuuliza:

1. Kiungo kimoja kikikatika, chombo kitaelea kwa dakika ngapi?
2. Walioko zamu ya usiku wamewahi kufanya zoezi la dharura kwa mikono yao, au wameusoma mwongozo tu?
3. Nani ana mamlaka ya kusimamisha kazi, na je, atalipwa au ataadhibiwa kwa kusimamisha?
4. Ratiba ya kuhamisha mtambo imepangwa na hali ya bahari, au na mkataba na kodi?
5. Mtu akianguka majini, atafikiwa baada ya muda gani, na mwili wake utastahimili muda gani?

Majibu ya maswali hayo huja kwa dakika, majina na tarehe. Kampuni ikijibu kwa kutaja ukubwa wa mtambo wake, haijajibu.